Mizizi haishiki tuta la bwawa

Hili la miti tulimalize leo. Kila nikikagua bwawa dogo la starehe, lile la kuvulia samaki, kupiga makasia au kupumzikia tu kandokando yake, nakuta tuta limevaa miti, na mwenye bwawa ananieleza kwa fahari kwamba mizizi ndiyo inayoshika udongo. Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na kamati nzima ya bwawa moja, baada ya kuandika kwenye ripoti kwamba miti iondolewe. Hoja ni ile ile: mlimani tunapanda miti kuzuia mmomonyoko, iweje kwenye tuta tuikate?

Kwa sababu mlimani kinachobeba udongo ni maji ya mvua yanayopita juu yake. Kwenye tuta maji yamesimama upande mmoja usiku na mchana, mwaka mzima, yakisukuma na kutafuta upenyo wa kupita ndani. Bwawa la mita za ujazo 50,000 limebeba tani 50,000 za maji, na bado sisi tunaliita dogo. Kinachoyazuia ni udongo wenye mfinyanzi uliotandazwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa mpaka matundu ndani yake yakabaki machache. Mzizi unapita humo humo na kufungua kilichofungwa.

Mti ukiwa hai, mzizi wenyewe unaliziba tundu lake, hilo nakubali. Lakini hakuna mti usiokufa. Ukifa, mizizi inaoza, mchwa wanaingia, na kinachobaki ni vijia vinavyoelekea popote mizizi ilipokuwa inafuata unyevu, yaani kwenye maji. Kisha kuna upepo. Mti mkubwa hung'oka udongo ukiwa umelowa na dhoruba ikiwa kali, saa ile ile bwawa limejaa kupita kiasi. Unaondoka na bonge la udongo mizizini. Kwenye tuta ambalo upana wake wa juu ni mita 3, shimo la mita 2 si la kufukia kesho asubuhi.

Ila hata hayo siyo yanayonikera zaidi. Kinachonikera ni kwamba miti na vichaka vinaficha kila kitu ninachotakiwa kukiona. Kivuli kinaua nyasi, na nyasi fupi ndizo zinazolinda tuta dhidi ya mvua. Panya na wachimbaji wengine wanapata maficho. Ufa wa urefu wa hatua kumi unalala chini ya majani makavu bila mtu kujua. Na ule upande mkavu, hasa pale chini tuta linapokutana na ardhi ya kawaida, ambako habari zote za bwawa hutokea kwanza, haupitiki.

Hapo ndipo naambiwa, "Lakini bwawa letu halivuji." Linavuja. Kila bwawa la udongo huchuja maji, hata lililojengwa vizuri sana. Maswali ya kujiuliza ni yanatokea wapi, kiasi gani, na yamebeba nini.

Tembea taratibu chini ya mteremko mkavu wakati wa kiangazi. Tafuta nyasi zilizo kijani kuliko jirani zake, au mahali unyayo unazama. Ukikuta maji yanatoka, chuchumaa uyatazame vizuri. Maji yakiwa yamebeba udongo, mara nyingi utakuta mchanga laini umejipanga duara kuzunguka kitundu, kama kichuguu kidogo cha sisimizi, na katikati chembe zinachezacheza. Hiyo ni sehemu ya tuta lako, au ya ardhi iliyo chini yake, inatoka nje mbele ya macho yako. Mpigie simu mhandisi siku hiyo hiyo.

Kama huoni mchanga, kinga maji kwenye chupa ya kioo, iache isimame usiku kucha, kisha angalia kitako chake. Tope likituama, kuna kitu kinahama ndani. Na maji yakibaki na ukungu kama yaliyotiwa maziwa, hayatulii hata kesho yake, mimi huogopa zaidi: kuna mfinyanzi ambao ukikutana na maji huachana chembe kwa chembe, na tuta la udongo wa namna hiyo likipata ufa mdogo linaweza kutoboka kwa muda mfupi sana.

Halafu pima. Chimba mfereji mdogo, ingiza kipande cha bomba, weka ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde. Siku hiyo hiyo andika usawa wa maji ya bwawa, maana bila huo namba ya ndoo haina maana yoyote. Ndoo iliyojaa kwa sekunde 40 ikianza kujaa kwa sekunde 25 wakati bwawa liko usawa ule ule na mvua haijanyesha, njia ya maji imepanuka. Maji ya bomba yakipungua ghafla bila sababu, usishangilie. Huenda maji yamepata pengine pa kutokea.

Na maji yasiyo na tope si uthibitisho kwamba tuta ni zima. Udongo huweza kuhama kwa vipindi: leo maji safi, baada ya mvua kubwa machafu, halafu safi tena. Huweza pia kuhamia kwenye nyufa za mwamba chini ya tuta na usionekane nje kamwe. Ndiyo maana siandiki "bwawa hili ni salama" kwenye ripoti yoyote. Naandika nilichokiona, siku gani, maji yakiwa usawa gani.

Sasa, kabla hujakimbilia msumeno. Kukata mti mkubwa na kuacha kisiki ndiyo njia ya uhakika ya kuanzisha ule uozo niliousema. Miche na miti isiyozidi unene wa kifundo cha mkono ing'oe, fukia, shindilia, panda nyasi. Mikubwa inataka kazi ya kweli: maji yashushwe kwanza, kisiki na mizizi minene ichimbwe, kingo za shimo zilazwe ziwe mteremko, kisha udongo unaofanana na wa tuta urudishwe kwa tabaka za kama sentimita 15, kila moja ikishindiliwa. Sehemu ya chini ya upande mkavu huenda ukahitaji pia kichujio cha mchanga, na hilo aliamue mhandisi baada ya kuona shimo. Ambaye hajashusha maji asichimbe kabisa.

Wahandisi wenyewe hatukubaliani kuhusu miti mizee iliyokwisha kukomaa tutani. Wapo wanaosema iachwe, iangaliwe kwa karibu, kwa kuwa kuichimbua kunaweza kuumiza tuta kuliko kuivumilia. Mimi hupima mahali ilipo: ulioko chini, karibu na maji yanapochujikia, nataka utoke hata kwa gharama, ulioko juu upande mkavu, wakati mwingine nakubali usubiri fedha zipatikane. Ubishi huu ni mgumu kuumaliza kwa sababu bwawa likibomoka, ushahidi unaondoka na maji. Bwawa la Kelly Barnes, juu ya mji wa Toccoa huko Georgia, Marekani, lilikuwa tuta la udongo la kimo cha kama mita 12 tu, na wakati huo ziwa lake lilikuwa la starehe. Lilibomoka usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 na kuua watu 39. Wachunguzi hawakuweza kutaja chanzo kimoja. Walitaja mchanganyiko, ukiwemo mporomoko wa mteremko mkavu uliokuwa mkali mno, pengine pamoja na maji kupenya ndani. Picha ya mwaka 1973 ilionyesha kwamba mteremko huo ulishawahi kuporomoka. Ishara ilikuwepo miaka minne kabla.

La mwisho ni utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi bwawa likijaa, maana vichaka hupenda kuota humo pia. Tuta la udongo halijengwi ili maji yapite juu yake; yakipita kwa muda, linakatika. Kwa hiyo utoro lazima uwe wazi kwa upana wake wote. Na nyavu za kuzuia samaki wasitoroke zinaniudhi sawa na miti. Klabu ya matajiri iliyomiliki bwawa la South Fork huko Pennsylvania iliweka vizuizi vya samaki kwenye utoro na kushusha kimo cha tuta ili magari ya farasi yapishane juu yake, wakati mabomba ya kutolea maji chini yalikuwa yameshang'olewa kabla yao. Mvua ya tarehe 31 Mei 1889 ilipokuja, takataka zilinasa kwenye vizuizi, maji yakapita juu ya tuta, na watu 2,209 wakafa bondeni hadi mji wa Johnstown.

Kwa hiyo kamati iliyoniandikia, jibu langu ni hili: wavu wa samaki mlioweka utoroni uondoke wiki hii, vichaka vya utoroni vifuatie, na vali ya bomba la chini ifunguliwe tuone kama bado inafanya kazi. Miti mikubwa tutaizungumza maji yakishashuka.