Ngazi ya Kuegemeza Si Ngazi ya Paa

"Ngazi ikifika kwenye gata, imetosha." Kila anayefunga sola Nairobi ameambiwa hivyo. Haijatosha! Ngazi ya kuegemeza inakufikisha kwenye paa tu. Baada ya hapo una saa kadhaa za kufunga reli na paneli juu ya mabati yanayoteleza, na kinachokushika huko ni ngazi ya paa, ile yenye kulabu na magurudumu.

Ya kuegemeza niimalize upesi. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu ukae mita 1 kutoka ukutani, na kichwa kizidi ukingo wa paa kwa mita 1. Kwa ukingo wa mita 2.8, tafuta ngazi ya mita 4. Shaka yangu ni ghorofa zetu zilizobanana: ukingo wa mita 5.8 unadai karibu mita 1.5 chini, na mara nyingi kati ya nyumba na ua hakuna hata mita 1. Kuisimamisha wima si suluhisho. Funga jukwaa la kupandia. Kwenye udongo mweusi wa Embakasi, laza ubao mpana chini ya miguu, la sivyo mvua ikinyesha, mguu mmoja unazama.

Urefu wa ngazi ya paa hupimwa kwa mteremko, yaani kutoka kilele hadi ukingo. Nyumba ya upana wa mita 8, paa la nyuzi 25 lililotokeza sentimita 60, mteremko wake ni kama mita 5.1. Ngazi iishie juu kidogo ya gata, isiikalie.

Sasa kulabu, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Kofia ya kilele ni bati jembamba lililopigiliwa misumari, haibebi mtu. Kulabu inatakiwa ivuke kofia, na mtambaa wake, kile kipande cha kukingama, ulale wote kwenye mteremko wa pili, juu ya mbao zinazoshika mabati. Mbao hizo huzioni, lakini mstari wa misumari unakuonyesha zilipo. Kulabu ya pembe moja isiyobadilika, kwenye paa lililolala, hugusa kwa ncha tu, na ncha hiyo hubonyeza bati. Nunua inayorekebishwa pembe. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la 28, nalo hubonyea upesi katikati ya mbao. Ikibonyea, tundu la msumari hupanuka, na mvua za Machi zikifika mwenye nyumba anaweka beseni sebuleni. Kwenye vigae vya chuma vyenye chenga za mawe, magurudumu hukwangua chenga, kwa hiyo tandika magunia kwanza.

Alumini ni nyepesi, ndiyo, lakini inapitisha umeme, na waya wa stima mara nyingi huingilia pale pale kwenye ukingo wa paa. Paneli nazo zikipigwa na jua zina umeme tayari: 10 za wati 550 zilizounganishwa mfululizo hufika karibu volti 500. Karibu na waya tumia faibaglasi, hata kama ni nzito. Na paneli ya kilo 28 ivutwe kwa kamba na watu wawili. Anayepanda ngazi apande mikono mitupu.