Masaa mawili jimu kila siku? Si lazima

Hosteli utasikia: "Kama huendi jimu kila siku, masaa mawili mazima, unajisumbua tu." Ndiyo maana wengi huanza kwa moto wiki ya kwanza ya muhula, wakaacha mitihani ikikaribia.

Misuli haikui ukiwa umeshika chuma; hukua baadaye, unapokula na kulala. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi kwa wiki, si 7. Mwenye vipindi hadi jioni achukue Jumanne na Ijumaa, dakika 45 tu: skwoti (kuchuchumaa na kuinuka), kusukuma chuma benchini, kisha kukivuta tumboni akiwa ameinama. Seti 3, yaani mizunguko mitatu, kila zoezi, na kila seti marudio 8 hadi 12, na yale mawili ya mwisho yawe ya kung'ang'ania kweli. Ukifikisha 12 bila jasho, ongeza kilo 2.5.

Tuseme ukweli, muda mwingi jimu huliwa na simu. Pumzika dakika 2 za kuhesabu kati ya seti, au pishanisha seti: sukuma, vuta, sukuma. Kifua kikipumzika, mgongo uko kazini.