OCD: kwa nini wazo moja hung'ang'ania ubongoni

Swali: Mtu ananawa mikono mpaka inachubuka, au anarudia udhu hadi wakati wa sala unapita, na mwenyewe anajua hakuna haja. Mbona haachi?

Jibu: Hawezi kuacha kwa kuambiwa tu. Huu ni ugonjwa wa OCD, ambapo wazo la hofu hujirudia bila kutakwa na kumsukuma mtu arudie tendo ili atulie. Sehemu ya mbele ya ubongo, juu kidogo ya macho, hutambua kosa au hatari na kupeleka taarifa kwenye viini vilivyo ndani kabisa. Viini hivyo huchuja lipi lipite na lipi lizuiwe, kisha taarifa hupitia thalamasi, kituo cha kupokezana taarifa katikati ya ubongo, na kurudi mbele. Kwa mwenye OCD mzunguko huu hufanya kazi kupita kiasi, na tahadhari haizimiki. Akinawa, hofu hupungua kwa muda mfupi. Ubongo hujifunza kwamba kunawa ndiko kulikomwokoa, na baadaye hudai tena. Si ukaidi, wala si imani haba.

Swali: Ni upungufu wa serotonini, ile kemikali ya ubongo?

Jibu: Maelezo hayo ni mepesi mno. Dawa zinazoongeza serotonini kati ya seli za neva huwasaidia wengi, lakini panado ikituliza kichwa haina maana mwili ulipungukiwa panado. Kemikali nyingine za ubongo, dopamini na glutameti, nazo zinahusishwa.

Jambo la kushika ni kipimo na muda. Kwa mtu mzima, fluoksetini, mojawapo ya dawa hizo za serotonini, kwa kawaida huanza na miligramu 20 kwa siku, na wengi wenye OCD huhitaji 40 hadi 60. Nafuu ya kutosha huweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya tatu wakidhani dawa imeshindwa, kumbe haijapewa nafasi. Daktari ndiye apandishe kipimo, na dawa isikatwe ghafla.

Swali: Hurithiwa?

Jibu: Kwa kiasi. Mapacha wa kufanana huugua pamoja mara nyingi kuliko wasiofanana, lakini hakuna jeni moja la kulaumiwa. Watoto wengi wa wagonjwa hawaugui.

Swali: Mtoto ameanza ghafla baada ya kuumwa koo. Kuna uhusiano?

Jibu: Huenda. Baada ya maambukizi ya bakteria wa streptokoka, kinga ya mwili inaweza kushambulia vile viini vya ndani. Mwaka 1998, Susan Swedo na wenzake nchini Marekani walieleza watoto 50 wa namna hii. Wataalamu bado wanabishana ni wangapi hasa wanaoingia kundi hilo. Mtoto akianza pia kurusharusha mikono au uso bila kutaka, awahishwe hospitali na moyo wake upimwe, kwani hiyo yaweza kuwa homa ya baridi yabisi.

Swali: Kama tatizo ni la ubongo, tiba isiyo ya dawa itasaidia nini?

Jibu: Hubadilisha ubongo huohuo. Mwaka 1992, Lewis Baxter na wenzake huko Los Angeles walipiga picha za ubongo kabla na baada ya matibabu. Kiini kimoja cha mzunguko ule kilitulia kwa waliopata nafuu kwa fluoksetini, na vilevile kwa waliopata nafuu kwa tiba ya tabia. Katika tiba hiyo mgonjwa hugusa kitasa cha mlango, kisha hanawi mpaka hofu ishuke yenyewe, akianza na hofu ndogo. Nyumbani, akiuliza mara ya kumi kama mlango umefungwa, msimjibu tena. Mkumbusheni kwa upole mliyokubaliana na mtaalamu.