Desmopresini: watu huogopa homoni, hatari iko kwenye maji

Mtu akiandikiwa desmopresini, mara nyingi kinachomshtua ni neno "homoni" kwenye karatasi ya maelezo. Anasitasita, anauliza majirani, mwishowe anameza kidonge akikisindikiza na glasi kubwa ya maji. Ameogopa kisichomdhuru na kukaribisha kinachoweza kumdhuru.

Dawa hii hupunguza mkojo. Hupewa mtoto anayekojoa kitandani, mtu mzima ambaye figo zake hutengeneza mkojo mwingi usiku, na mgonjwa ambaye mwili wake hautoi vasopresini ya kutosha (homoni inayozifanya figo zibakize maji), hali iliyoitwa kwa miaka mingi dayabetisi insipidasi. Watumiaji hawa hawafuati kanuni moja, na hapo ndipo ushauri wa mtaani unapoharibu mambo.

"Ni homoni, itamvurugia mtoto balehe."

Hapana. Insulini nayo ni homoni, na haimpi mtu ndevu. Desmopresini ni mnyororo mfupi wa asidi amino tisa, unaoiga vasopresini ambayo hutengenezwa kwenye ubongo na kuachiliwa na tezi ya pituitari ili kuziamuru figo zirudishe maji mwilini. Wanakemia wa Czechoslovakia walioiunda mwaka 1967 waligusa sehemu mbili tu za mnyororo huo. Mabadiliko hayo yaliifanya idumu saa nyingi na kuondoa karibu nguvu yote ya kubana mishipa ya damu. Si ya jamii ya homoni za uzazi wala za ukuaji.

"Inakausha mwili, kwa hiyo unywe maji mengi."

Dhana hii ndiyo inayowafikisha watu hospitalini. Desmopresini haikaushi mwili, huuzuia kutoa maji. Inapofika kwenye figo, mirija ya mwisho kabisa hufungua vijia vya maji, maji yanafyonzwa kurudi kwenye damu, na mkojo unatoka mchache na mzito. Ukiyaongezea maji hayo lita nyingine, figo hazina namna ya kuyatoa mpaka nguvu ya dawa iishe. Damu inazimuliwa. Sodiamu, madini ya chumvi yaliyomo kwenye damu, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, inashuka.

Ikishuka polepole mtu anaweza asihisi chochote kwa siku kadhaa. Ikishuka haraka, seli za ubongo huvimba: kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, mtu anatapika, anachanganyikiwa, na mambo yakizidi anapata degedege na kupoteza fahamu. Uzito ukipanda ghafla ndani ya siku chache, hiyo pia ni ishara, maana ni maji yaliyojikusanya. Ubaya wake ni kwamba dalili za mwanzo hufanana na za mtu mwenye upungufu wa maji. Mzazi anamwona mtoto akitapika, anamnywesha maji zaidi, na tatizo linakua mikononi mwake. Kwa anayetumia desmopresini kwa ajili ya mkojo wa usiku, dalili hizo maana yake ni kuacha kunywa maji, kutotumia dozi inayofuata, na kwenda kupimwa sodiamu upesi.

Anayeitumia kwa ajili ya usiku apunguze vinywaji kuanzia saa moja kabla ya dozi hadi saa nane baada yake. Kiu ikija, mafunda machache yanatosha. Maziwa, juisi na supu vyote huhesabiwa kuwa maji, na hata maji ambayo mtoto huyameza bila kujua akiogelea jioni. Usiku ambao mtoto ameshakunywa sana, ni salama zaidi kuiacha dozi na kukubali shuka lilowe.

Mwenye upungufu wa vasopresini hapangiwi saa za namna hiyo. Yeye huambiwa anywe kiu inapomtuma, asijilazimishie lita kadhaa kwa siku eti ni afya. Baadhi ya madaktari bingwa humwelekeza pia acheleweshe dozi moja kila wiki mpaka mkojo utoke kwa wingi, ili maji ya ziada yapate njia.

Nikirudi kwenye kanuni kutofautiana: suala la kuruka dozi ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mtoto anayekojoa kitandani akiharisha, akitapika au akiwa na homa, dawa husimamishwa mpaka apone, na hakuna baya litakalompata zaidi ya kitanda kulowa. Mgonjwa asiye na vasopresini akifanyiwa hivyo hivyo, anaweza kukojoa lita nyingi kwa siku moja, sodiamu ikapanda kupita kiasi na maisha yake yakawa hatarini. Mwaka 2016 huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilitoa tahadhari rasmi juu ya wagonjwa wa aina hii kunyimwa au kucheleweshewa desmopresini. Kwao hii ni dawa ya kuokoa maisha. Wakiugua hawaiachi kwa uamuzi wao, wanamtafuta daktari, na wakilazwa, wao au ndugu zao waitaje dawa hiyo mapema, maana mhudumu asiyeijua anaweza kuidhania ni ile ya kukojoa kitandani tu.

"Mikrogramu ni mikrogramu."

Sivyo. Kidonge cha kumeza hupoteza karibu dawa yote tumboni, na kinachofika kwenye damu hakifiki hata asilimia 1. Ndiyo sababu kidonge kina mikrogramu 100 au 200, wakati mpulizo mmoja wa puani huwa na 10 tu. Cha kuyeyushwa chini ya ulimi kiko katikati: 120 yake hukaribia 200 ya kumeza. Ukibadilishiwa aina, usihamishe namba ya zamani. Ya puani ina tatizo jingine, mafua yakiziba pua hujui kiasi gani kimeingia. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa matumizi ya aina ya puani kwa watoto wanaokojoa kitandani, baada ya taarifa za degedege lililotokana na sodiamu kushuka. Na kuongeza dozi kwa kuona ya jana haikutosha hurefusha zaidi muda ambao figo zimefungwa.

Wazee wana hatari kubwa zaidi, hasa wakishapita miaka 65, na wanawake huathirika kuliko wanaume. Aina moja ya kuyeyusha chini ya ulimi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hutolewa kwa wanawake kwa nusu ya kipimo cha wanaume. Kwa mzee, sodiamu hupimwa kabla ya kuanza, tena ndani ya wiki ya kwanza, kisha baada ya takribani mwezi mmoja. Mtaje mfamasia kila unachotumia: dawa za sonona, karbamazepini ya kifafa, dawa za kuongeza mkojo, dawa za maumivu kama ibuprofeni. Hata loperamidi ya kuzuia kuharisha huongeza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu.

Kwamba inaponya kukojoa kitandani? Inazuia usiku inapotumika. Wengi hurudia wakiiacha, ndiyo maana kila baada ya miezi mitatu hivi husimamishwa kwa wiki moja kuona kama mtoto amekomaa mwenyewe.

Wengine huazimana dawa kwa kuwa wote "wanakojoa sana". Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa hukojoa kwa sababu sukari inavuta maji, na desmopresini haiigusi sukari hiyo. Mwenye figo zisizoitikia vasopresini hatapata faida. Mwenye moyo ulioshindwa kazi atajaa maji. Na yule ambaye amezoea kunywa maji kupindukia hapaswi kupewa kabisa, kwa sababu dawa itafunga mkojo lakini haitafunga mdomo.

Wanamichezo nao wajue hili: desmopresini imo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, kwa kuwa inaweza kuficha dawa nyingine kwenye vipimo. Anayeihitaji kwa ugonjwa huomba kibali cha matibabu.