Digitali nayo inadanganya

"Fundi, mita ya digitali haidanganyi." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu. Ya mwisho ilikuwa Nzuguni, Dodoma, kwa kinyozi aliyekwisha kuifungua inveta yake ya sola, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, anajiandaa kwenda kugombana na aliyemuuzia. Mita yake ilisoma volti 180. Yangu, palepale, ikasoma 230. Akaamini yake. Ina desimali.

Haya. Tuanze na mita za mshale. Mwaka 1882 d'Arsonval na Deprez waliweka koili, yaani waya uliozungushwa, ndani ya sumaku; mkondo ukipita, koili inageuka.

Kinachonikera ni hiki: koili ile haiijui AC, umeme unaogeuka mwelekeo kila mara. Ipe umeme wa ukutani, mshale utatetemeka tu pale sifuri. Dawa ikawa kuutanguliza mkondo kwenye daiodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Sasa mshale unasogea, lakini unafuata wastani, na sisi tunataka RMS, ile thamani inayoonyesha kazi halisi ya umeme. Basi wachora nyuso za mita wakazidisha namba zote kwa 1.11, maana kwenye wimbi la sine, lile laini la kupanda na kushuka, RMS ni wastani mara 1.11. Ujanja mzuri kabisa, maadamu wimbi ni sine.

Mita ya digitali ya bei poa imeurithi ujanja uleule. Kilichobadilika ni kioo! Inveta ya kinyozi haitoi sine, inatoa mistatili: juu 325, kimya, chini 325, kimya, nusu ya muda imelala. Piga RMS, utapata 230. Piga wastani, ni 162.5, zidisha kwa 1.11, hiyo hapo 180 yake. Inveta nzima, mita nzima, ugomvi wa bure.

Halafu zile mita kuukuu za paneli, za chuma kinachosogea, tunazowauzia watu wa vyuma chakavu? Zenyewe hufuata mraba wa mkondo, na RMS hutokana na mraba huo. Zingeukaribia ukweli kuliko hiyo desimali yake.

Yangu ni ya RMS ya kweli, ila nisijitape. Kifaa kinachotumia umeme kikivuta mkondo kwa vilele vyembamba, nayo ina kikomo chake. Nimewahi kupima mkondo wa waya mmoja kwa mita mbili za kubana za namna hiyo, zote za bei mbaya, zikanipa majibu mawili. Kwenye ripoti niliandika la ile niliyoizoea.