Wiki mbili za mwanzo za dawa ya sonona

Mtu wa Mombasa mwenye sonona (depression) ni nadra kuja akisema ana huzuni. Husema kichwa chamgonga, usingizi hauji, moyo wamwenda mbio. Ameshapimwa malaria na presha, hakuna kitu, na nyumbani wananong'ona: kaingiliwa na jini, au imani imepungua. Minong'ono hiyo humchelewesha kutafuta matibabu. Akishaanza, ndiyo humwachisha dawa, na hapo ndipo napahofia zaidi.

Kwenye kliniki ataulizwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Kuanzia 10 twachunguza zaidi, maana alama peke yake si ugonjwa. Sonona ikiwa ya wastani au kali, huenda akaandikiwa fluoxetine, mara nyingi miligramu 20 kwa siku, asubuhi. Tatizo ni kwamba madhara hutangulia nafuu. Siku za kwanza kuna kichefuchefu, pengine wasiwasi kuzidi. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne. Katikati hapo vidonge vimefichwa chini ya godoro, leo kameza, kesho karuka kwa kuwa nyumba imejaa wageni, na mama asema, "Mwanangu, dawa za wazimu hizo zitakumaliza." Anaacha. Kisha husemwa dawa haikumfaa, ilhali haikupewa muda.

Kwa hivyo, kabla ya kidonge cha kwanza, achague mtu mmoja tu wa nyumbani. Si lazima ukoo mzima ujue. Amwambie hivi: "Nina sonona, ni ugonjwa na unatibika. Wiki mbili za kwanza huenda nikaonekana vibaya zaidi. Nikumbushe dawa." Kichefuchefu hupungua akimeza baada ya kula. Ramadhani aulize daktari kuhusu kuihamishia daku au futari. Ni ya mara moja kwa siku, haimlazimu kufungua. Dua na kombe aendelee navyo akipenda, bora dawa isikatwe.

Je, atakuwa mtumwa wa dawa? Fluoxetine haileti uraibu. Diazepam, ambayo wengi huitafuta wapate usingizi, ndiyo hujenga utegemezi ikimezwa wiki nyingi. Lakini hata fluoxetine haiachwi ghafla. Nafuu ikija, huendelea angalau miezi 6, kisha daktari huipunguza taratibu. Akiacha mapema, sonona hurudi kwa urahisi.

Akianza kutaka kufa, hasa kijana wa chini ya miaka 25 katika wiki hizo za mwanzo, asiachwe peke yake, na vidonge vyake ashikiwe na mtu mwingine. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Familia nyingi husita zikiogopa polisi, kwani kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume na Katiba Januari 2025. Waambieni madaktari kila kitu, hata idadi ya vidonge alivyomeza.