Kabla ya Kuinua Pikapu, Jua Unabeba Kilo Ngapi

Kila mwenye pikapu anayeingia gereji yangu hapa Nakuru akitaka saspensheni mpya huanza na swali moja: "Fundi, utaniinulia inchi ngapi?" Nami humuuliza: siku za kawaida, gari hili hubeba kilo ngapi? Wengi hunyamaza kidogo, kisha husema inategemea. Hapo ndipo kazi yetu huanzia, kwa sababu springi huchaguliwa kwa uzito. Urefu hufuata baadaye.

Mzee mmoja, mkulima wa Mau Narok, aliniletea Hilux ya dabo kabini. Duka fulani lilikuwa limemuuzia springi za nyuma za kubeba nusu tani. "Fundi, gari limesimama vizuri kama simba, lakini mgongo wangu umekwisha. Na nikipanda ule mlima wa kwangu kukiwa na tope, matairi ya nyuma yanarukaruka tu."

"Mzee, leo umebeba nini?"

Tukaenda nyuma tukaangalia. Spea, jembe mbili, na mikebe miwili ya maziwa ya lita hamsini. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji, kwa hiyo mikebe yote miwili ikijaa ni zaidi ya kilo 100 ukihesabu na mikebe yenyewe. Viazi vyake husafirishwa na Canter ya kukodi. Yaani springi za kilo 500 zilikuwa zikibeba robo ya kazi yake kila siku. Springi ya namna hiyo haikunjiki. Gurudumu likikuta jiwe, mwili mzima wa gari hutupwa juu, na likikuta shimo, gurudumu huning'inia badala ya kushuka kuifuata ardhi. Tairi lisilogusa chini halivuti. Alikuwa ameambiwa kosa ni la matairi, akanunua manne mapya. Jambo hilo liliniuma sana, maana pesa hizo ni za maziwa.

Springi nzuri, gari likiwa na mzigo wake wa kila siku, hukaa katikati: ina nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Ndiyo maana kampuni kama Old Man Emu ya Australia huuza springi za nyuma za gari moja kwa viwango tofauti: za gari tupu, za mzigo mwepesi wa kudumu, za mzigo mzito wa kudumu. Neno la kushika ni hilo "kudumu". Usihesabu mzigo wa Krismasi. Hesabu kilicho garini Jumatatu asubuhi: sanduku la spana, kibanda cha nyuma, tangi la maji. Na mbele pia, maana watu husahau mbele. Bampa ya chuma peke yake inaweza kupita kilo 50, ukiongeza winchi, pua inalala. Ukiweza, peleka gari kwenye mizani ya malori ya ghala la mahindi, tangi likiwa limejaa na dereva ameketi, upime ekseli ya mbele na ya nyuma kando kando. Karatasi hiyo ina faida kubwa kuliko ushauri wa mtu yeyote, hata wangu.

Kuna njia za mkato mbili ambazo mimi sizifanyi. Ya kwanza ni kuchomeka jani moja, yaani bamba la chuma la springi, la lori kuukuu katikati ya majani ya pikapu: unene haulingani, mkunjo haulingani, na mara nyingi jani kuu hukatika karibu na bolti ya katikati. Ya pili ni mifuko ya hewa kati ya chesisi (fremu ya chuma ya gari) na ekseli ili kuficha mzigo uliozidi. Springi ya majani hushika chesisi mahali pawili, mbele na nyuma. Mfuko huhamishia uzito mahali pamoja, juu ya ekseli. Bonde moja la ghafla, na chesisi inapinda nyuma ya kabini.

Sasa shokomzoba, ambazo sisi tunaziita shoki tu. Springi hubeba, shoki hutuliza. Ndani yake oili husukumwa kupitia vitundu vidogo, na mtikisiko hugeuka kuwa joto. Kwenye barabara iliyokunjamana kama mabati, kazi hiyo hufanyika mara nyingi kila sekunde. Oili ikichemka na kutoa povu, shoki inalegea na gari linaanza kuogelea. Jaribu hili: ukitoka kwenye njia mbaya, simama, usogeze mgongo wa mkono karibu na kila shoki, polepole, maana inaweza kukuchoma. Zote zinapaswa kuwa na joto. Ile iliyo baridi ndiyo iliyokufa, haikufanya kazi yoyote.

Shoki za bomba moja hupoa haraka kwa sababu oili inagusa ukuta wa nje. Lakini jiwe likibonyeza ukuta huo, pistoni hukwama. Za mabomba mawili huvumilia zaidi. Kwa mtu wa mawe ya Baringo ningechagua mabomba mawili manene. Kwa mtu wa barabara ndefu za mabati na mwendo wa kasi, bomba moja. Vumbi laini la kando ya Elementaita, lile linalotesa magari ya Safari Rally, huganda kwenye fimbo ya shoki na kula sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, kwa hiyo ifute kila unapoosha gari.

Kuhusu urefu, milimita 40 hadi 50 zinatosha. Ukizidisha, viungo vya ekseli za mbele hukaa kwa pembe kali, na utahitaji mikono ya juu mipya, ile inayoshika gurudumu la mbele kwa juu. Hilux nyingi zina vali ya breki inayosoma urefu wa nyuma. Ukiinua bila kuirekebisha, hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma.

Wakati wa kufunga, simama hapo uone jambo moja. Bolti za bushi, zile pete za mpira kwenye ncha za springi, zikazwe mwisho gari likiwa chini, kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, mpira hujisokota gari linaposhushwa na hupasuka mapema. Yu-bolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ifanywe siku hiyo hiyo.

Yule mzee tulimwekea springi za mzigo mwepesi na shoki za mabomba mawili, tukapunguza upepo wa matairi ya nyuma. Alirudi baada ya kilomita 500 nilivyomwomba. Tulipozikaza tena, yu-bolti mbili zilikubali kuzunguka kidogo. Nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda: springi zilikuwa zimeshuka milimita 8, kushoto sawa na kulia.